Hopsi Zilizoanikwa Juani

Shamba la Bwana Kiko,
Dundori, kupitia Nakuru.
27 Januari 1957

Kwa Mzee Kang'ethe,

Pokea salamu nyingi kutoka Dundori, za watu na za ng'ombe pia. Huku tuko wazima, ila mimi mwenyewe sina raha, na sababu ni wewe.

Usishangae. Mimi ni Kiptanui, mkamaji wa ng'ombe, yule uliyekuwa ukimfukuza mlangoni pa jiko kwa sababu ya mavi kwenye viatu. Serikali ilipowapakia Wakikuyu wote wa shamba hili kwenye lori kwenda rizavu, nchi mliyotengewa, kwa ajili ya vita vya msituni, jiko lilibaki bila mtu. Memsabu alileta mpishi mmoja, akalewa. Akaleta mwingine, akatoroka na blanketi. Ndipo wakanitazama mimi, kwa kuwa najua kusoma na kwa kuwa nilikuwa karibu. Tangu hapo nakaanga mayai, na ng'ombe wangu wanakamwa na mtu asiyejua hata majina yao.

Hayo ningeyavumilia. Lakini mwaka mpya huu Bwana Kiko amechoka na bia ya chupa. Alitoa kiko mdomoni akaniambia, "Kiptanui, wewe tatengeneza bia kama ile ya Kang'ethe." Nikamwambia mimi sijui. Akasema, "Kang'ethe najua, kwa nini wewe hapana jua?" Ndiyo maelezo yote niliyopewa. Akanionyesha sufuria yako ya shaba, pipa lako, gunia la kimea cha shayiri, na mfuko wa yale maua makavu ya kutia uchungu, hopsi. Nazo si zile zako. Za Uingereza zimekwama melini kwa sababu ya ule mfereji wa Misri uliozibwa. Hizi amepewa na rafiki yake anayefanya kazi kwenye kiwanda cha bia, ni za ile bia nyepesi ya chupa. Bwana anasema hopsi ni hopsi.

Nilipika. Ilitoka tamu kama maji ya uji, na baada ya siku chache ikachacha. Bwana alionja verandani, akaimwaga kwenye maua ya Memsabu, akasema, "Hii maji ya ng'ombe." Alisema mbele ya Chepkemboi, yaya wa nyumba, na unamjua Chepkemboi. Shamba zima sasa linaniita Maji ya Ng'ombe.

Anwani yako amenipa yeye, kwa kuwa wewe humwandikia kuuliza habari za kaburi la mkeo, mama Wangeci. Nakuomba, mzee, niambie ulikuwa ukifanya nini. Nataka nitoe pipa moja zuri, Bwana afurahi, nami nimwombe anirudishe kwa ng'ombe wangu.

Ni mimi,
Kiptanui


Kupitia duka la Ngigi,
Githunguri.
14 Februari 1957

Kijana wangu Kiptanui,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama dukani, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikacheka mpaka Ngigi akaniuliza kama nimepokea pesa. Tangu niletwe huku sikuwa nimecheka hivyo. Kwa hiyo nakusamehe mambo ya viatu.

Sasa sikiliza. Hopsi si hopsi. Bwana Kiko anajua bunduki na bei ya maziwa, lakini hopsi mimi ndiye niliyekuwa nikizinusa. Zile za Uingereza ni kali, zinanuka udongo na majani ya chai, na bia aipendayo yeye, ile nzito ya rangi ya kahawia, ilizoea hizo. Hizo za bia ya chupa sijawahi kuzishika. Ila mpishi wa Mjerumani mmoja wa Gilgil aliniambia zamani kwamba ni pole, uchungu wake mdogo, harufu yake ya maua. Basi usipime kama nilivyopima mimi. Pale nilipotia konzi mbili, wewe tia tatu mara tu maji ya kimea yanapoanza kuchemka, yachemke saa nzima. Ukikaribia kuipua, tupa konzi nyingine ufunike. Na ukisha kuitia bia pipani, ongeza konzi moja kavu uiache humo humo. Hopsi ndizo zinazoilinda bia isichache. Ukizibania, nayo itakubania.

Hamira tumia ya mkate, ndiyo niliyoanza nayo hata mimi. Pipa liweke palepale nyuma ya jiko, ukutani penye joto la tanuri. Bia ya Bwana inataka joto kidogo, na povu lipande juu kama maziwa yanayotaka kumwagika. Ukiona hivyo, usiguse kitu. Na pipa lioshe kwa maji yanayochemka. Nasema yanayochemka, si maji uliyonawia uso.

Nitazamie kaburi la Wangeci, lile la upande wa mpeasi, karibu na ua. Chepkemboi anasema liko salama, lakini Chepkemboi husema kila kitu kiko salama.

Wako,
Kang'ethe


Dundori.
24 Machi 1957

Kwa Mzee Kang'ethe,

Salamu nakuletea, lakini leo ni chache.

Nimefanya kila neno uliloandika. Barua yako niliibandika ukutani juu ya meko nikawa naisoma kila hatua, mpaka mvuke ukaifuta mstari wa mwisho. Konzi tatu mwanzo, nilitia. Konzi ya kuipulia, nilitia. Konzi ya pipani, nilitia. Pipa nimelichemshia maji mpaka mikono ikababuka. Na hopsi nazitunza vizuri, mfuko wa Bwana haujapungua hata kidogo.

Bia imetoka tamu tena, haina uchungu hata wa kumstua mtoto, na siku ya Jumapili ilikuwa imechacha. Bwana hakumwaga safari hii. Alinywa yote akinitazama, taratibu, kama mtu anayemeza dawa, akaweka glasi chini akasema, "Kang'ethe nacheka wewe."

Neno hilo limenikaa. Nimefikiri sana, na nitasema wazi kwa sababu nimechoka. Mzee, kuna kitu unanificha? Mtu akiwa na ujuzi wake hapendi uende kwa mwingine, hilo naelewa, hata sisi mafundi wa mizinga ya nyuki hatuonyeshi kila mtu. Lakini wewe hupo huku. Ujuzi huo utakufaa nini huko Githunguri? Nipe hicho kipande kilichobaki ili nami nipumzike.

Kaburi nimelizungushia miti, kwa sababu ndama walikuwa wanapita juu yake. Sasa hawapiti.

Kiptanui


Githunguri.
10 Aprili 1957

Kiptanui,

Umenikasirisha, na nilitaka kukaa kimya nikuache na pipa lako. Kilichonifanya niandike ni ile miti uliyoweka kaburini. Ahsante kwa hiyo.

Kuficha! Nifiche nini, na nimfichie nani? Huku hakuna hata mtu anayejua kwamba nilikuwa fundi wa kitu chochote. Wanasema wamenirudisha kwetu. Kwetu wapi? Mimi nilizaliwa hapo Dundori, chini ya kile kilima cha viazi, baba yangu akiwa mchungaji wa babake Bwana Kiko. Huku nilikuwa sijakanyaga. Nalala katika nyumba ya binamu yangu ambaye nilimwona mara ya kwanza nikishuka kwenye lori. Kijiji chetu kina handaki pande zote, na asubuhi tunatoka kwa zamu kwenda kuchimba barabara. Sina shamba hata la kupanda kitunguu. Watu wananiita mgeni, na wanasema Kikuyu changu kinanuka ng'ombe. Mke wangu amelala huko kwenu peke yake, na mimi siruhusiwi kupanda hata gari la moshi kwenda kumtazama bila kibali. Kibali hakitoki mpaka mwenye shamba akuombe kwa jina lako, na Bwana Kiko hajaniomba.

Halafu unaniambia namficha mtu konzi ya hopsi!

Sasa nijibu kama mtu mzima. Je, povu lilipanda? Lilikuwa na rangi gani? Maji ni ya kisima au ya tangi? Ulichemsha saa nzima kweli, au ulikwenda kuchungulia ng'ombe? Na nitumie hopsi zenyewe kidogo ndani ya bahasha, nizinuse. Kuna kitu hapo na mimi nitakipata, hata kama ni kwa kukuonyesha tu kwamba si mimi.

Kang'ethe


Dundori.
30 Aprili 1957

Mzee,

Povu lilipanda. Jeupe. Maji ya kisima. Saa nzima, na ng'ombe sikuwachungulia ingawa Chelagat, yule mweusi mwenye doa niliyempa jina la dada yangu, alikuwa anazaa na nilimsikia akilia.

Pipa la tatu ni baya kuliko yote. Sasa Bwana hata hasemi. Anapita jikoni, ananusa, anatoka. Jepchumba mke wangu anasema afadhali angenipiga kelele, maana nikirudi nyumbani nampigia yeye. Nimemwomba radhi, lakini hasira bado ninayo.

Nisamehe kwa maneno yangu ya Machi. Hopsi ulizotaka ziko ndani ya bahasha hii.

Kiptanui


Githunguri.
16 Mei 1957

Kiptanui,

Bahasha imefika. Ilifunguliwa njiani ikafungwa tena, na nadhani waliofungua walipata taabu ya kuelewa kwa nini mzee anatumiwa majani makavu.

Nimezisugua kiganjani. Hopsi nzima ukiipasua ina unga wa njano ndani, unanata kwenye vidole kama utomvu, na harufu yake haikutoki siku nzima hata ukioga. Hizi hazina unga. Hazinati. Nimezitia mdomoni nikatafuna, zina ladha ya nyasi za kuezekea. Nimempa Ngigi anuse, akasema ananusa karatasi ya bahasha.

Hizi zimekufa. Si kwamba ni pole, zimekufa kabisa. Hakuna kiwanda kinachoweza kutumia kitu cha namna hii.

Nataka uniambie neno moja tu: hizi umezitoa wapi? Umechota ndani ya mfuko wa Bwana kwa mkono wako, au umezitoa mahali pengine?

Kang'ethe


Dundori.
2 Juni 1957

Kwa Mzee Kang'ethe,

Nimezitoa juu ya paa la banda, mahali ninapozianika.

Unauliza kama vile ni ajabu. Kwetu Baringo, mtu akitaka kutengeneza pombe ya asali anatia lile tunda refu la rotinwet, na nyinyi mnalo hilo hilo mnaliita muratina. Pombe ikiisha, tunda linakamuliwa, linaanikwa, linatunzwa kwa pombe nyingine. Hakuna mtu mwenye akili anayelitupa. Jipya halijui kazi. Lililokwisha kufanya kazi mara nyingi ndilo linaloamsha asali haraka. Babu yangu alikuwa na matunda aliyorithi, na wazee walikuwa wanakuja kumwazima. Basi nilipomaliza pipa la kwanza, zile hopsi nilizikamua vizuri, nikazianika juu ya paa, nikamwambia Jepchumba awafukuze kuku. Pipa la pili nikatia hizo. La tatu pia. Za ndani ya mfuko hazijui kazi bado, kwa hiyo sikuzigusa. Hivyo ndivyo ninavyozitunza, nilikwambia tangu Machi.

Nilipokuwa naandika maneno haya ndipo nimeanza kuelewa sura utakayokuwa nayo ukiisoma barua hii. Basi, cheka. Cheka umalize.

Ukisha kucheka, kuna jambo kubwa. Juzi rafiki wa Bwana kutoka Kikopey alikuja, nami nilikuwa napeleka chai. Binti yake Bwana, Missi Ketti, anaolewa Septemba hapa shambani, na Bwana anataka bia yake mwenyewe mezani, si ya chupa. Mwisho wa Julai mchumba anakuja na rafiki zake wa Nairobi. Bwana akaniambia mbele ya mgeni, "Wewe fanya pipa moja, mimi taonja na hawa vijana. Kama naharibika tena, basi, mimi takwenda kwa DC, taomba Kang'ethe arudi. Wewe takwenda kwa ng'ombe."

Mzee, umesikia hilo? Kwenda kwa ng'ombe ndiyo adhabu yangu!

Wewe unataka kurudi. Mimi nataka kutoka. Sote wawili tunataka bia mbaya, na tumehangaika tangu Januari kutafuta nzuri. Nimekwisha kuamua. Nitaiharibu. Lakini sasa naogopa kuharibu kwa kubahatisha, isije ikatoka nzuri kwa bahati mbaya. Wewe ndiye unayeijua. Niandikie jinsi ya kuiharibu bia mpaka Bwana mwenyewe awashe gari kwenda Nakuru.

Kiptanui


Githunguri.
17 Juni 1957

Kiptanui mwanangu,

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Muratina tunaianika sisi pia, nimeiona tangu utoto ikining'inia juu ya meko ya baba yangu, na bado sikufikiri. Uliniandikia kwamba mfuko haujapungua, nami nikapita juu ya neno hilo kama kipofu. Hopsi si muratina, kijana. Muratina inaishi. Hopsi ni kama majani ya chai, ikisha kutoa imetoa.

Hilo la pili limeninyima usingizi. Kurudi Dundori! Nimemwambia binamu, akaniangalia kama mtu aliyekwisha kufunga mzigo. Nimemwambia Ngigi dukani. Sikupaswa kuwaambia, lakini sikuweza kunyamaza.

Halafu nikakaa kuandika jinsi ya kuharibu bia, na mkono ukakataa. Sijawahi kutoa bia mbaya katika maisha yangu, Kiptanui. Hata mwaka ule Wangeci alipokufa nilipika wiki iliyofuata, na Bwana akasema ni nzuri. Nimechana karatasi mbili. Lakini kibali ni kibali, basi fuata hivi.

Tumia zile zile zilizokufa, za paani, usiguse mfuko. Uchungu hautakuwepo. Kimea tia kidogo, robo tatu ya kipimo, iwe nyepesi isiyo na mwili. Shayiri usiikaange kutia rangi kama nilivyozoea mimi, iache iwe ya njano kama majani ya ngano, Bwana hapendi bia anayoweza kuona upande wa pili. Konzi ya mwisho ya pipani, moja tu, ndiyo uchote mfukoni, ili ipate hiyo harufu ya maua isiyo na maana. Na hili ndilo kubwa: usiweke pipa nyuma ya jiko. Lipeleke chumba cha maziwa, liingize ndani ya lile birika la maji baridi ya kupozea makopo. Huu ni mwezi wa baridi, hamira italala humo, itafanya kazi kama mzee mwenye baridi yabisi. Iache wiki nyingi, wala usiisogeze. Itatoka nyembamba, baridi, haina joto lolote tumboni. Bwana ataitema.

Lakini pipa lioshe kwa maji yanayochemka, na maji ya kupikia yawe safi. Sitaki mtu augue. Na sitaki isemwe kwamba bia ya Kang'ethe ilikuwa chafu, hata hiyo mbaya.

Nasubiri barua yako kuliko nilivyosubiri kitu chochote.

Kang'ethe


Dundori.
29 Julai 1957

Kwa Mzee Kang'ethe,

Sijui nianze wapi. Nimekaa na kalamu hii tangu nimalize vyombo.

Nilifuata kila neno. Safari hii nilifuata kweli. Hopsi za paani, kimea robo tatu, shayiri ya njano, pipa ndani ya birika la maziwa, na wiki zote hizo nilikuwa napita hapo nikiliangalia, naliambia, lala, lala. Jepchumba alisema nimepata mke wa pili.

Jumamosi wakaja. Mchumba wa Missi Ketti na vijana watano, wote wa mabenki na maofisi ya Nairobi, wamechomwa na jua, wana kiu. Bwana akasema, "Lete." Nilipomimina, nilifurahi mwenyewe. Ilikuwa nyembamba, ya njano, unaona vidole vyako upande wa pili wa glasi kama ulivyosema. Bwana akanywa kwanza. Mzee, uso wake ulikunjika! Alitoa kiko akakitazama kana kwamba ndicho chenye makosa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti, na moyoni nilikuwa nimekwisha kufika zizini.

Ndipo yule mchumba akanywa. Akanywa yote bila kupumua. Akanyoosha glasi akasema Kiingereza fulani, na wenzake wote wakanyoosha. Nilielewa maneno machache tu. Walisema ni kama ya chupa, ila bora. Walisema ni baridi, ni laini, ina harufu nzuri. Walimwuliza Bwana ameipata wapi, na Bwana akawatazama mmoja mmoja, akanywa tena kidogo. Chakula kilipokuwa mezani alikuwa anasema "my beer". Jua likizama, pipa lilikuwa tupu, nao wakiimba.

Hopsi za bia nyepesi, hamira iliyolala kwenye baridi, wiki zote hizo za kusubiri: nadhani tumewatengenezea ile ile wanayoinywa huko Nairobi kila siku, na hatukujua. Bwana mwenyewe haipendi, naapa haipendi, lakini anapenda kusifiwa.

Nikaona mambo yanaharibika, nikajitosa. Nilimfuata Bwana verandani nikamwambia, "Bwana, si mimi. Ni Kang'ethe. Ndiye aliyenifundisha yote kwa barua. Mimi peke yangu sijui kitu, harusi itaharibika." Nilidhani akisikia jina lako atakutaka. Akatabasamu, akanipiga begani. Akasema, "Kang'ethe mzuri sana. Basi kwa DC hapana haja. Yeye taandika tu, wewe tasoma." Akaingia ndani, akatoka na stempu, akanipa mkononi. Ni zako, kasema, za kujibia. Nimezitia humu.

Ng'ombe wangu wamepewa mtu mwingine kabisa, rasmi. Mimi ndiye mpishi wa shamba hili mpaka nife. Missi Ketti ametaka mapipa manne ya hiyo hiyo kwa harusi.

Mzee, nimekuumiza. Hata sijui ni kwa kosa gani, maana sikufanya kosa hata moja, na hilo ndilo linaloniumiza mimi. Nimechukua ufagio nikapiga nao ukuta wa jiko mpaka mpini umekatika.

Nisamehe.
Kiptanui


Githunguri.
12 Agosti 1957

Mwanangu Kiptanui,

Stempu zimefika. Hii niliyobandika ni mojawapo, Bwana Kiko asije akasema nimekula mali yake.

Usiniombe msamaha. Ulifanya nilivyosema. Ni mimi niliyekwambia uoshe pipa. Kama ningekwambia uliache chafu, leo ningekuwa ninafunga mzigo, na tangu barua yako ifike nimejilaumu kwa hilo. Kisha najiuliza kama ningeweza kuandika neno hilo, na naona nisingeweza, hata leo. Nina hasira, Kiptanui. Nina hasira na wale vijana wasiojua bia, na Bwana Kiko anayeijua na akanyamaza, na binamu ambaye kila asubuhi ananiuliza kama kibali kimefika. Nimemwambia aache kuuliza.

Kwa harusi, wape wanachotaka, mapipa manne ya njano. Lakini pika na la tano, dogo, la Bwana peke yake. Chota hopsi mpya mfukoni, konzi tatu, na ya kuipulia, na ya pipani. Kaanga shayiri iwe na rangi. Liweke nyuma ya jiko, penye joto la tanuri. Usimwambie kitu, mpe tu, wageni wakisha kuondoka. Nataka ainywe akiwa peke yake hapo verandani, ajue alichokikataa. Labda atakwenda kwa DC. Labda atalala tu. Vyovyote vile, na iwe bia.

Zile za paani usizianike tena. Zikusanye zote, zipeleke pale kwenye mpeasi, uzitandaze ndani ya hiyo miti uliyozungushia. Siku za kupika, Wangeci alikuwa hanikaribishi kitandani mpaka nioge mara mbili, na bado alikuwa anasema nanuka hopsi. Harufu imebaki ndogo, lakini yeye ataitambua. Ataona nimechelewa tu.

Kang'ethe